AJALI HAINA KINGA?



Kila treni inapomgonga mwendesha baiskeli katika miji na vijiji vilivyo kando ya Reli ya Kati, husikika kauli mbili. Ya kwanza: ajali haina kinga. Ya pili: alifanya uzembe. Zikishatamkwa, watu hutawanyika, treni huendelea na safari, na jambo huhesabiwa limekwisha. Sisi twasema wazi: kwa yule aliyenusurika jambo halikwisha siku ile. Ndipo lilipoanza.

Tutazame hali yake baada ya miaka mitano. Aliyekatwa mguu bado husikia maumivu katika mguu ambao haupo. Mguu wa bandia, akibahatika kuupata, huchakaa baada ya miaka michache. Na mtoto hana budi kutengenezewa mwingine kadiri anavyokua. Aliyevunjika uti wa mgongo hahisi ngozi yake inapoumia. Asipogeuzwa kila baada ya saa chache hupata vidonda vinavyofika hadi mfupani, na mkojo usiotoka vizuri humletea maambukizi yanayoweza kuharibu figo. Wengi wa namna hii hawauawi na treni. Huuawa na kidonda au figo, miaka kadhaa baadaye, na hakuna anayewahesabu pamoja na waliokufa relini.

Aliyeumia kichwa huweza kuonekana mzima. Lakini husahau, hukasirika upesi, na pengine huanza kuanguka kifafa miezi au miaka baada ya ajali. Majirani husema amerogwa, au amekuwa mlevi. Mkewe huacha biashara ili amwuguze, na binti mkubwa huacha shule ili amsaidie mama. Hivyo treni iliyomgonga mtu mmoja imeiangusha nyumba nzima. Tusimsahau pia dereva wa treni, aliyeona yote na asiweze kufanya lolote, naye huamka usiku akiota.

Hatukatai kwamba wapo wanaovuka bila kutazama, au wanaopita juu ya tuta la reli mahali palipokatazwa na sheria. Lakini tuulize, kwa nini hupita hapo? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na miji mingi imekua pande zake zote mbili. Soko liko huku, shule na bomba la maji viko kule. Mchuuzi mwenye magunia mawili ya mkaa juu ya baiskeli haoni vizuri nyuma yake. Gurudumu lake jembamba hunaswa katika mfereji ulio kando ya chuma cha reli endapo atavuka kwa mshazari. Treni nayo haiwezi kukwepa, na ikiwa katika mwendo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Mahali penye hatari ya namna hiyo, kumwachia maskini peke yake wajibu wote wa kujilinda si haki.

Tena, kinga ipo. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, katika reli mpya yenye uzio na njia za kupita juu na chini yake. Basi taifa letu linajua namna ya kuwatenganisha watu na treni. Kama linajua, kwa nini anayeishi kando ya reli ya zamani aendelee kuambiwa kwamba ajali haina kinga?

Na kwa aliyekwisha kuumia, je? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, humhusu mwajiriwa. Mchuuzi wa mkaa hana mwajiri. Ujuzi haukosekani: huko Moshi mafundi wa viungo vya bandia wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1981. Linalokosekana ni nauli ya kumfikisha majeruhi kwa fundi, na fedha ya kulipia kiungo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, wenye mamlaka ya reli na halmashauri zetu waweke vivuko halali pale watu wanapopita kweli, vyenye alama, mlinzi au geti, na sakafu iliyosawazishwa. Pili, majeruhi wa reli wahakikishiwe matibabu ya kudumu, viungo vya bandia na viti vya magurudumu, bila kuulizwa kwanza nani alikuwa mzembe. Tatu, kila jumuiya ndogo ndogo iwatafute majeruhi wa zamani katika eneo lake, iwatembelee, iwafundishe ndugu zao jinsi ya kuzuia vidonda, na ifikishe majina yao parokiani. Wakati huo huo tuwafundishe watoto wetu kushuka, kusikiliza, na kukokota baiskeli moja kwa moja kuvuka reli.

Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha barabarani. Alimpeleka mgonjwa katika nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi kulipa gharama itakayozidi. Wala hakumuuliza kwa nini alipita peke yake njia ya hatari. Sisi tumezoea kukimbilia relini siku ya ajali. Haki inatudai turudi kulipa gharama iliyozidi.