Umeme umerudi, intaneti iko wapi?

KAMBOVE, Haut-Katanga. Umeme unakatika, watu wanawasha tochi na kungoja. Unaporudi, taa zinawaka na redio zinasema, lakini Wi-Fi ya mtaa iko kimya. Wateja wakiuliza, muuzaji anajibu: "Ni SNEL." Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine inafichwa.

Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, kinafuata maandishi: anwani, njia za kupitisha mawasiliano, maneno ya siri. Katika ruta za Cisco, maandishi hayo yanakaa mahali pawili. Kuna yale yanayotumika sasa, ambayo yanafutika mara tu umeme unapokatika. Na kuna faili ya kuanzia, ambayo ruta inaisoma kila inapowashwa. Fundi akibadili kitu bila kutoa amri ya kuhifadhi, copy running-config startup-config, kila kitu kitaenda vizuri mpaka umeme ukatike. Ukirudi, ruta inaamka na mambo ya zamani.

Basi tusidanganywe. Umeme ulikatika, ndiyo, lakini kazi ilipotea kwa sababu fundi hakuihifadhi.

Wengine watasema ruta zao za MikroTik zinahifadhi zenyewe. Ni kweli. Lakini umeme ukirudi kwa nguvu, au radi ya wakati wa mvua ikipiga antena, ruta inaungua pamoja na faili yake. Nakala iliyo ndani ya kifaa kilichoungua si nakala. Lubumbashi utapata ruta nyingine ya kununua. Mipangilio iliyokuwamo hutaipata dukani.

Anayeumia ni nani? Ni mama aliyekimbia vita, anayengoja sauti ya mtoto wake kwa WhatsApp kutoka Goma, mji uliochukuliwa na M23 Januari 2025. Amelipa Wi-Fi ya siku moja. Siku inaisha, sauti haijafika, na pesa harudishiwi.

Kuna wanaojitetea kwamba Kambove ni mji mdogo, hauna mainjinia. Utetezi huo hausimami. Faili hiyo ni maandishi matupu, nyepesi kuliko picha moja ya simu. Kila baada ya badiliko, fundi aihifadhi, atoe nakala nje ya ruta, aandike tarehe, aiweke nyumba nyingine. Aifiche vizuri, kwa kuwa ina maneno ya siri. Isitembee katika vikundi vya WhatsApp. Kisha ajaribu kuirudisha kabla ya siku ya shida, na mtu wa pili ajifunze.

Mji huu unachimba shaba tangu wakati wa Union Minière, shaba ileile inayobeba umeme katika nyaya. Hakuna mgodi unaokubali ramani ya chini ikae katika kichwa cha mtu mmoja. Kwa nini mawasiliano ya mtaa mzima yakae humo? Fundi akisafiri Likasi au akiugua, mtaa mzima unakuwa bubu.

Kabla ya kutoa faranga zake, kila mteja amuulize muuzaji maswali matatu: Nakala ya ruta yenu iko wapi? Ni ya tarehe gani? Nani mwingine anajua kuirudisha? Akijibu tena "Ni SNEL", mteja aweke pesa yake mfukoni.