Mikro saba za nini kwa ngoma moja?

BENI – Kijana wa korali anaingia dukani kuuliza mikro ya kurekodi ngoma. Anaonyeshwa sanduku la mikro saba na kuambiwa kwamba bila hizo saba hakuna studio. Huo ni uongo, na unakula pesa za watu wasio na pesa: familia zilizokimbia vita, zinazochanga franka kwa franka ili nyimbo za vijiji walivyoacha zisizikwe pamoja na wazee.

Mikro saba zinataka mashine ya kuingiza sauti yenye nafasi saba. Hilo muuzaji halisemi mpaka mtu amekwisha kulipa. Na zile za kondensa zilizomo ndani ya sanduku hazitoi sauti bila umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine hiyo.

Mwaka 1968 fundi Mwingereza Glyn Johns alirekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Hadi leo mafundi wanaita kwa jina lake njia ya kurekodi batri nzima kwa mikro tatu ao ine. Batri nzima! Na mzee mwenye ngoma moja ya ngozi anaambiwa saba.

Mikro mbili za dinamiki zinatosha. Hazidai umeme, zinavumilia kishindo, na zikianguka haziharibiki upesi. Moja iwekwe shubiri moja na nusu juu ya ngozi, kuelekea ukingoni. Ngoma iliyo wazi chini iinamishwe, maana sauti nzito inatokea huko, na mikro ya pili isogezwe kwenye tundu hilo. Kama uzito unapotea zote mbili zikisikika pamoja, fundi ageuze fazi ya mikro ya chini ndani ya programu. Magodoro yakisimamishwa ukutani yatasaidia kuliko mikro ya tatu.

Shure SM57, inayotengenezwa tangu 1965, inauzwa karibu dola 100 Marekani. Yenye jina hilo kwa dola 20 ni bandia. Afadhali Behringer XM8500, ambayo ni rahisi kweli na haijifichi nyuma ya jina la mwingine.

Pesa inayobaki inunue esansi ya jenereta na chakula cha wazee siku ya kurekodi. Muuzaji anayebisha aje siku hiyo na sanduku lake. Ngoma irekodiwe kwa njia zote mbili, wazee wasikilize bila kuambiwa ni ipi, halafu wachague.