Tumbaku si kinga ya vumbi la manganezi

Wandugu wachimbaji na jamaa zenu, wengine kwetu wanasema mwenye kuvuta sigara hapati ugonjwa wa kutetemeka, ule wa Parkinson. Maneno haya yana mzizi. Wanasayansi waliona kweli kama wavutaji wanaupata kidogo kuliko wengine. Lakini tuangalie walichofuata.

Katika ubongo kuna milango midogo yenye kupokea habari kutoka mshipa mmoja wa fahamu kwenda mwingine. Inaitwa milango ya nikotini, sababu nikotini ya tumbaku inaifungua. Kule Ujerumani na Marekani, waganga walibandika nikotini kwenye ngozi ya wagonjwa wa Parkinson mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2023: ugonjwa uliendelea vilevile.

Wengine walijaribu kinyume, kufunga milango ile. Mekamilamini, dawa ya tansio ya miaka ya 1950, ndiyo inafanya hivyo. Waliijaribu kwa ugonjwa wa Tourette. Aina yake moja ilijaribiwa kwa huzuni nzito. Haikushinda kidonge cha bure, na 2012 kampuni AstraZeneca ikaacha. Utafiti unaendelea, lakini dawa ya kutuponyesha haijafika.

Sisi wa sendika tunasoma habari hii kwa jicho la kazi. Toka 1837, munganga Couper wa Scotland aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga manganezi: miguu ilikosa nguvu, sauti ikashuka. Hii si Parkinson ya kawaida. Dawa levodopa, yenye kusaidia Parkinson, hapa mara nyingi inasaidia kidogo tu. Na mara nyingine ubaya unaendelea hata mtu akiisha kuacha kazi.

Kwetu Lualaba, manganezi iko Kisenge. Wenye kusudura vyuma nao wanavuta moshi wake, hata kama kazi yao ni ya shaba. Kwa hiyo kinga haitoki katika pakiti ya sigara. Mwenye kuvuta anaongezea mapafu mzigo wa pili juu ya vumbi.

Tunachoomba kwa wakubwa wa kazi ni hiki: maji ya kulaza vumbi, maski za kweli, kupima hewa, na munganga kuangalia mishipa ya fahamu, si mapafu peke yake. Mwenzako akibadilika mwendo, maandishi au sauti, usimucheke kama mlevi. Mupeleke lopitali, ujulishe delege, ili ugonjwa uandikwe kwa CNSS kama ugonjwa wa kazi. Bila karatasi ile, familia itabeba peke yake.