Muuguzi Awe Upande wa Pili wa Simu

Tumeamua kutoa toleo zima juu ya simu na afya ya akili kwa sababu moja. Hapa Lubumbashi, mtu aliyeelemewa na mawazo anapata huduma ya kwanza ndani ya makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, la kwaya, la akina mama wa likelemba (mchango wa zamu), la wapangaji wa lupango mmoja kule Katuba au Ruashi. Saa sita za usiku mtu anatuma sauti ya dakika tatu, analia katikati. Kabla ya alfajiri amekwisha kupata maombi, mstari wa Zaburi, namba ya mchungaji, jina la dawa ambayo shemeji wa fulani aliwahi kuitumia, na labda mtu mmoja mwenye busara aliyemwambia, "Yaya, usikae peke yako, nakuja asubuhi." Hakuna kati yao aliyesomea kazi hiyo. Waliosomea wanaishi mji huohuo na wana WhatsApp hiyohiyo mkononi, lakini hakuna aliyeifungua njia ya kutoka kundini hadi kwao.

Njia hiyo ndiyo tunayoidai.

Hatuyadharau makundi. Yana kitu ambacho hospitali zetu hazijakipata, nacho ni mazungumzo. Mama wa komini ya Kenya akipewa karatasi ya maswali kwa Kifaransa atajibu ndiyo na hapana, kisha aende zake. Akishika simu atasema kwa Kiswahili cha mji huu kwamba roho inamuuma, usingizi umemkimbia, chakula hakina ladha tangu mtoto afariki. Kijana mchimbaji anayelala karibu na shimo lake hatakwenda kuketi mbele ya mwanasaikolojia, ila usiku atatuma sauti kwa rafiki. Watu wetu wanajua kusema maumivu yao. Kinachokosekana ni sikio lililofundishwa.

Na likikosekana, madhara ni makubwa. Sauti ya kilio ikivuka kundi moja, kesho iko Likasi, keshokutwa iko kwa ndugu walioko Johannesburg. Mgonjwa anashauriwa aache vidonge ili aonyeshe imani. Mtoto mwenye kifafa anatajwa mchawi mbele ya watu mia. Maneno kama hayo hayafutiki, hata ujumbe ukifutwa.

Upande wa pili tuna nini? Kuna Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Dokta Joseph Guislain, kazi ya Mafrere wa Charité, shirika lililoanzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Kuna Hospitali ya Jason Sendwe. Kuna Chuo Kikuu chenye kitivo cha tiba na cha saikolojia. Kwa mkoa unaofika Pweto na Mitwaba, ambako mvua ikinyesha safari inakuwa adhabu, hivyo ni vichache mno, na familia inalipa kila kitu kutoka mfukoni: nauli, karatasi, dawa, chakula cha anayemlinda mgonjwa. Kwa hiyo wengi wanafikishwa wakiwa wamefungwa kamba, baada ya kuzungushwa vyumba vya maombi kwa miezi.

Tunaambiwa tusubiri mpaka madaktari wa akili wawe wengi. Jirani zetu hawakusubiri. Mwaka 2006 huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kumsikiliza mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kupanga hatua ya kwanza ya kutoka kwenye tatizo lake. Kazi hiyo ilipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uganda nako, wilaya za Rakai na Masaka, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya wanakijiji, vikiongozwa na watu wasio madaktari waliopewa mafunzo, vinapunguza sonona. Shirika la StrongMinds lilieneza njia hiyo, na korona ilipozuia watu kukusanyika mwaka 2020, likahamishia vikundi kwenye simu.

Tunachojifunza hapo ni mpangilio wa kazi. Bibi wa Mbare hakuwa peke yake. Alikuwa na zahanati nyuma yake na mtu wa kumpelekea aliyezidiwa. Kundi la WhatsApp la Kampemba halina zahanati nyuma yake. Basi kundi liwe mlango, na matibabu yafanyike chumbani: mtu akigusia kwamba hataki kuishi, anayemjua amwandikie pembeni, ampe namba ya muuguzi, na mazungumzo yaendelee kwa sauti, wawili tu, kundi lisisikie. Muuguzi huyo awe na jina, awe na zamu, ajue Kiswahili cha hapa, na ajue ni lini simu haitoshi na mgonjwa aletwe.

Tunasisitiza mtu, kwa sababu wauzaji wa programu watakuja na kusema mashine inatosha. Tena kuna suala la siri: wasomaji wakumbuke yaliyotokea Marekani. Machi 2023, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitangaza kwamba BetterHelp, kampuni inayouza ushauri wa kisaikolojia kwa intaneti, italipa dola milioni 7.8 kwa kuwa ilipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali iliwaahidi siri. Sisi tuna Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda taarifa za mtu. Sheria hiyo itumike tangu siku ya kwanza: faili la mgonjwa likae kituoni, lisikae kwenye simu binafsi ya muuguzi wala kwa kampuni ya mtandao.

Naye anayesikiliza alindwe. Desemba 2024, hati za mahakama huko Nairobi zilionyesha kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook walipimwa na Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakakutwa na kiwewe. Maumivu ya wengine yakipitia kwako mchana kutwa, yanakujeruhi. Muuguzi wa simu apewe mapumziko, na awe na mkubwa wake wa kumweleza aliyoyasikia.

Yapo mambo ya vocha na umeme. Shirika la umeme, SNEL, linakata, mega zinaisha, na anayezihitaji zaidi ndiye asiye na pesa ya kuzinunua. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku 20, na ujumbe mfupi pamoja nayo. Huduma inayotegemea WhatsApp peke yake ingewatupa wagonjwa wake wiki hizo zote. Kwa hiyo tunaiomba Division ya Afya ya mkoa, pamoja na Vodacom, Airtel na Orange, namba moja ya kupiga bure, inayopokelewa kwa sauti hata kwenye simu ndogo ya vitufe.

Ombi la mwisho ni kwako, msomaji unayeongoza kundi. Usingoje namba hiyo ya bure. Nenda kituo cha afya cha mtaa wako wiki hii, uliza nani anayepokea wagonjwa wa akili na siku gani, kisha iweke namba yake juu kabisa ya kundi. Na sauti ya mtu anayelia ikikufikia, usiisambaze. Mpigie.