Pumziko kwa Mungu si Kukunja Mikono

Kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtu hulala usiku kucha akaamka amechoka vilevile, manake kilichochoka si mwili bali ni moyo. Hapa shuleni uchovu huo tunaujua. Sisi wa shule ya kutwa hatuachi shida za nyumbani langoni; twaja nazo asubuhi na kuzirudia jioni. Mwenzako ameketi darasani lakini anawaza karo, maradhi ya mzazi au sufuria isiyo na kitu. Nasi wa Kidato cha Tatu tuna letu zaidi. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, na nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili. Kila mtu atwambia, "Nyinyi mkianguka hamna darasa la kurudia!"

Mtu akiwa katika hali hiyo hupewa mashauri ya aina mbili. Kuna wanaomwambia, "Mwachie Mungu," kisha hao wakaenda zao. Na kuna wanaomcheka, "Mungu hatakufanyia mtihani, shika kitabu!" Maoni yangu ni kwamba wote wamekosea, kwa kuwa wote wanadhani kupumzika kwa Mungu ni kukunja mikono.

Hebu tumtazame nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali katika Mlima Karmeli. Malkia Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Naam, Eliya yule yule shujaa! Mungu alifanya nini? Hakumkemea wala hakumpa hotuba. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, pamoja na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala, na kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40 hadi Mlima Horebu. Huko ndiko alikoisikia ile sauti ya upole. Huko ndiko alikopewa kazi mpya, akaambiwa pia kwamba hayuko peke yake, wamebaki wengine 7,000. Tazameni mpango huo: kwanza usingizi na mkate, kisha safari, ndipo likaja neno, na baada ya neno kazi.

Nalitaja hili kwa sababu nchi yetu imeona kinyume chake. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliokuwa wamefundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Miili hiyo ilipita 400, na watoto walikuwamo. Jamani! Mungu wa Eliya alileta mkate. Anayekunyang'anya mkate, dawa au kitabu kwa jina la Mungu hakupi pumziko, anakuchimbia kaburi.

Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 11, Yesu anawaita wanaolemewa na mizigo ili awapumzishe. Lakini papo hapo anawaambia wajitie nira yake. Aliyewahi kulima kwa ng'ombe anajua kwamba nira si godoro. Nira ni ya kazi. Ila nira huwafunga wawili, wakavuta pamoja, na jembe ambalo mmoja angelishindwa nalo likaenda. Hilo ndilo pumziko ninalolisema.

Ndugu zetu Waislamu nao wana funzo lao. Rafiki yangu anayesoma IRE alinionyesha Sura ya 94, Ash-Sharh. Wahenga wetu walisema baada ya dhiki faraja. Sura hiyo yapita hapo, kwani yaeleza mara mbili mfululizo kuwa wepesi uko pamoja na dhiki. Kumbe mtu halazimiki kungoja dhiki iishe ndipo apumue! Hata Yesu alilala chomboni mawimbi yakiwa bado yanaingia, si baada ya bahari kutulia.

Haya si ya vitabuni tu. Mwaka wa 2024 tulikuwa Kidato cha Kwanza wakati mafuriko yalipofanya shule zisifunguliwe hadi tarehe 13 Mei. Kwetu maji yaliingia hadi ndani, na shamba lote la mboga likaenda. Mama aliomba kila usiku, na maombi yake hayakuwa marefu. Alimtajia Mungu mambo mawili matatu, akasema amina, akalala. Nilimwuliza, "Mama, walalaje na hatujui kesho tutakula nini?" Akanijibu, "Mwanangu, kesho ni ya Mungu. Langu ni jembe." Maji yalipopungua, alfajiri ilimkuta shambani akipanda sukuma wiki upya.

Basi mimi naona hivi: Mungu hatuondolei jembe, hutuondolea kesho. Kinachomchosha mwanafunzi si hesabu za leo usiku. Kinachomchosha ni kufanya hesabu za leo huku amebeba mtihani wa mwaka ujao, karo ya muhula ujao na hofu ya maisha yote. Hiyo mizigo si yetu. Tuitue, tuombe, tulale, kisha tuamke tushike kitabu.

Na shida ikizidi tusiifiche. Kuomba hakumzuii mtu kwenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha au kwa daktari. Malaika wa Eliya alimgusa. Siku hizi Mungu aghalabu hutugusa kwa mkono wa binadamu.

Ombi langu kwenu wanafunzi wenzangu ni hili. Ukimwambia mwenzako "mwachie Mungu", usiondoke. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walipoanza kuhubiri ndipo walipoharibu. Mgawie githeri yako, mwazime daftari, mwandamane njiani jioni.

Nanyi walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima, twajua hatuna darasa la kurudia. Mtukumbushe pia, kama Eliya alivyokumbushwa, kwamba hatuko peke yetu. Tukilijua hilo tutalala, na tukilala tutasoma.