Rubani Anayekataa Kuruka si Mwoga

Wengi wetu tukisikia kwamba maonyesho ya ndege yamefutwa kwa sababu ya upepo, hucheka. Husema, "Je, ndege yenye mashine ya nguvu namna ile yaogopa upepo?" Mimi naona kicheko hicho ni cha kutojua, nami napenda kueleza sababu.

Rubani wa michezo ya angani huruka ndani ya hewa, na hewa yenyewe hutembea. Ni kama mtu aogeleaye mtoni: hata akizunguka vizuri namna gani, maji humchukua. Tufanye hesabu ndogo. Upepo ukienda meta 10 kwa sekunde, na rubani akitumia sekunde 20 kupanda, kupinduka na kushuka katika duara moja, atakuwa amesukumwa meta 200 asipojirekebisha. Katika mashindano ya michezo hiyo, uwanja wa angani una meta 1000 kila upande. Basi duara moja limekula sehemu ya tano! Na upepo ukielekea kwa watazamaji, kila mchezo humsogeza karibu na vichwa vyao.

Hatari ya pili ni kudanganywa na macho. Akiruka chini, upepo ukiwa nyuma yake, ardhi hupita mbio, naye hudhani ana mwendo wa kutosha. Kumbe mabawa hubebwa na mwendo wa hewa, si wa ardhi. Akipunguza nguvu za mashine kisha akageuka kwa ghafula, mabawa yaweza kuacha kubeba, na huko chini hapana nafasi ya kujiokoa.

Wapo wasemao kwamba watu wametoka mbali na kulipa kiingilio, kwa hiyo sharti waridhishwe. Neno hilo lina uzito. Lakini tukumbuke Farnborough, Uingereza, mwaka 1952, walipokufa watu 31, na Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, walipokufa watu 70. Upepo haukuleta misiba hiyo: kule Farnborough ndege ilivunjika angani, na kule Ramstein ndege ziligongana. Hata hivyo, yote miwili yatufundisha kwamba ndege ikiharibikiwa karibu na watu, wengi wafao ni watazamaji. Ndiyo maana siku hizi huwekwa mstari ambao rubani asiuvuke, na upepo ndio uwezao kumvusha bila kutaka.

Kwa hiyo nasema, heri kiingilio kirudishwe. Kumkabili adui mbele ya watu elfu ni ushujaa, lakini kuwaambia watu elfu hao "leo hapana" ni ushujaa zaidi, kwa maana hakuna atakayekusifu.

Wanafunzi wenzangu, siku ya namna hiyo msizomee. Nanyi mliotutangulia shuleni hapa, ambao leo mnaamuru wengine kazini, msimlazimishe fundi wala dereva asemaye kwamba kazi si salama. Kawia ufike.