Mchezo wa Ugavi Uchezwe kwa Kiswahili

Wapo walimu wanaotaka somo la ugavi lifundishwe kwa michezo ya kuigiza soko, na wapo wanaosema kwamba mchezo ni wa watoto. Mimi nasimama na wale wa kwanza, ila kwa sharti moja: hapa Katana, mchezo huo uchezwe kwa Kiswahili.

Mchezo unaojulikana kuliko yote huitwa mchezo wa bia. Ulibuniwa karibu na mwaka 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, na kundi la Jay Forrester. Wachezaji wanne hupangwa kwa mstari: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Hawaruhusiwi kusemezana. Kinachopita kati yao ni karatasi ya agizo tu, na mzigo hukawia wiki kadhaa njiani. Kwa wiki 4 mnunuzi huomba kreti 4 kila wiki, kisha huomba 8, na hapo habadiliki tena. Lakini mwenye duka akiona rafu tupu huagiza kupita haja. Muuzaji wa jumla naye huongeza juu yake, na agizo hufika kiwandani limekwisha kuvimba. Halafu mizigo yote hufika kwa pamoja, na kila mtu hukwama na bidhaa zisizo na mnunuzi. Wakiulizwa sababu, wengi humlaumu mnunuzi kuwa ni kigeugeu.

Sisi wanafunzi wa lugha tutazame hapo vizuri. Bia ilikuwapo, kilichokosekana ni mazungumzo. Soko letu laijua hali hiyo. Mama anayenunua maharagwe Katana ili ayauze Bukavu husikia kwamba bei imepanda mjini. Je, walaji wameongezeka, au ni mvua tu iliyoharibu barabara? Asipopata jibu, anakopa na kujaza magunia, na wenzake wanafanya vivyo hivyo. Barabara ikitengemaa, bei inaanguka, na fukusi wanaanza kula mtaji wake.

Faida ya mchezo huu hupatikana katika mjadala unaofuata, pale kila mchezaji anapoeleza aliogopa nini na kwa nini aliagiza vile. Mjadala huo ukifanywa kwa Kifaransa, mwanafunzi atakariri maneno ya kitabu, na akifika sokoni atashindwa kumweleza mama yule alichojifunza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye mali, litamwokoa vipi? Anayedai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii aende depo yoyote asikilize: komande, mzigo, akiba, deni, mtaji. Yote yapo, na yanafanya kazi kila siku.

Wengine watasema hatuna kompyuta za kutosha wala umeme wa kuaminika. Mchezo huu huchezwa mezani kwa karatasi na vibao. Punje za mahindi zatosha. Upungufu wake mkubwa ni mwingine: humo mzigo huchelewa kwa muda uleule siku zote, jambo ambalo mfanyabiashara wa Kivu hawezi kulisadiki. Basi tuongeze kadi zetu: mvua imekata barabara, boti ya Goma haikuondoka, kwenye kizuizi wanadai pesa. Kuziandika kadi hizo kwa Kiswahili kinachoeleweka ni kazi yetu, wala tusiwaachie wanafunzi wa biashara peke yao.

Naomba walimu wa vitivo vyote viwili watupe alasiri moja tu. Mzunguko wa kwanza tucheze kimya, wa pili tukisemezana, kisha tulinganishe hasara mbele ya wote. Na wafanyabiashara wa soko la Katana waalikwe, wakae mezani pamoja nasi, wacheze, na watukosoe.